Wino wa Kidole cha Baba

Wino wa kura una harufu yake. Wengi hawaisikii kwa sababu wakishapakwa wanawahi kutoka nje kutafuta kivuli, lakini mimi huisikia kila mara. Ni harufu ya dawa ya hospitali, na ndani yake kuna harufu ya sarafu iliyokaa mkononi muda mrefu. Safari hii, niliporudi nyumbani kutoka kupiga kura na kuanza kuchekecha unga, mume wangu aliniambia ninawe kwanza, asije akala ugali wenye wino. Nikamwambia wino huu hautoki kwa kunawa. Akasema anajua, lakini nijaribu. Nikasimama pale na kata ya maji mkononi, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka. Baba yangu tulimzika msimu wa mvua uliopita, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyesumbuliwa na wino huo kama yeye, ingawa hakuwahi kupiga kura hata siku moja.

Tulikaa Kashikishi, hatua chache kutoka mwaloni, mahali ambapo mitumbwi hufika asubuhi na akina mama huikimbilia na mabeseni. Baba alitoka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo. Alivuka Ziwa Mweru akiwa kijana na magunia ya chisense, vile visamaki vidogo vilivyokaushwa juani, akamwona mama, na biashara nyingine zote akazifanyia upande huu. Mama alikuwa mwenyeji wa hapa hapa Nchelenge. Baba alisema Kiswahili cha kwao, na Kibemba cha kumwezesha kugombania bei. Mama alisema Kibemba tu. Kiswahili alikielewa chote, hata matusi, lakini kukisema alikataa kabisa, eti kinamchosha ulimi. Kwa hiyo nyumbani kila mtu aliongea lugha yake na akajibiwa kwa nyingine, nami nilifikiri ndivyo watu wote waliooana wanavyoishi.

Majirani walimwita mama Bana Mwape, na baba Bashi Mwape, yaani mama na baba wa Mwape. Mwape si mimi. Alikuwa dada yangu, na alikufa kwa surua kwenye kambi ya wavuvi, wazazi wangu walipokuwa wakiishi huko, kabla mimi sijazaliwa. Kambi ile haikuwa na kiliniki. Mtumbwi wenye wauguzi na sindano ulifika pale wiki moja baada ya kumzika. Baba hakupenda kulisimulia hilo, na mama alilisimulia mara nyingi, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza jinsi ya kukaanga samaki, mpaka nikalijua kama nililiona kwa macho yangu.

Kwa hiyo wauguzi walipokuja kuchanja watoto kwenye baraza la shule yetu, baba aliniamsha kabla jua halijatoka. Tulikuwa wa kwanza kwenye mstari, na nadhani hata muuguzi mwenyewe tulimtangulia. Nilichomwa, nikalia, kisha muuguzi akashika kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto na kukipaka wino kwenye ukucha. Baba alinitoa juani, akakiinua kidole kile, akakitazama mbele na nyuma.

"Bon," akasema. "Sasa surua haiwezi kukubeba. Unaona? Uko na alama."

Tangu siku hiyo, kila jioni alipoegesha baiskeli alianza na mimi. "Onyesha kidole." Nakionyesha. "Iko?" "Iko." Ndipo anaomba maji ya kuoga. Mama alimwambia anamharibu mtoto kwa mambo ya ajabu. Nilikuwa na miaka kama saba. Sikujua chochote kuhusu dawa inayokaa ndani ya damu. Nilichojua ni kwamba Mwape hakupakwa wino na amekufa, mimi nimepakwa na ninaishi, na baba, mtu asiyeogopa hata dhoruba ya ziwani, hawezi kuoga kabla hajauona.

Haukupita muda mrefu ukaja uchaguzi. Sikujua ni kitu gani. Niliona tu kwamba shule imefungwa, na baraza ni lile lile, madawati ni yale yale, mstari ni ule ule ulioanza kukiwa bado giza, ila safari hii waliopanga mstari walikuwa watu wazima. Walitoka mlango wa pili mmoja mmoja wakiwa na wino kwenye kidole gumba. Nilielewa mara moja. Watoto hupakwa kidole kidogo, wakubwa hupakwa kidole kikubwa. Niliwastahi sana, maana hakuna hata mmoja aliyetoka akilia.

Asubuhi hiyo wazazi wangu walikuwa wamegombana, si kwa kelele. Mama alikuwa akichota unga wa vitumbua, baba akijaza upepo gurudumu la baiskeli.

"Mama Mwape, enda sasa, mustari haiyakuwa bado murefu," baba alisema.

"Nakwenda," mama alijibu kwa Kibemba chake. "Nakwenda kuuza vitumbua. Watu wakisimama sana wanasikia njaa."

"Na kura?"

"Kura nilipiga mara ile. Walisema watajenga kiliniki kule kambini. Nenda ukaone. Msingi umefika magotini na mbuzi wanalala ndani. Nimechoka kuwapigia mbuzi kura."

Baba aliacha kupampu. "Kama we hauende, nani atabauliza ile dispansere iko wapi?"

"Waulize wewe."

Baba hakuwa na kadi, hakuwa na haki ya kumwuliza mtu yeyote, na mama alilijua hilo alipokuwa akilisema. Nakumbuka alivyoinamia gurudumu na kuendelea kupampu ingawa lilikuwa limeshajaa. Mama alitwika beseni akaondoka. Kadi yake ya kura ilikuwa imefungwa ndani ya nailoni, ikakaa kwenye fundo la chitenge chake, pale pale alipoiweka siku zote, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Nilimfuata baba. "Baba, we hauende kule ku shule?"

"Kufanya nini?"

"Kupakwa wino."

"Ile haiko ya mi, mama." Aliniita mama, kama wanaume wa kwao wanavyowaita binti zao. "Ni ya batu ba hapa. Mi niko Mukongomani."

"Na Bakongomani, bo banafanyaka namna gani?"

Akafikiri. "Banangojea," akasema.

Niliona ni jambo baya kuliko yote niliyowahi kusikia. Wakongomani hawapewi dawa, wanangojea, na Mwape naye alingojea. Mama anaweza kupewa lakini amekasirika na mbuzi. Nilizunguka zunguka uani nikiwaza nitabaki na nani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mkono mwepesi wa kuchapa, sikutaka kwenda kwake.

Baba alikuwa na wino wake. Kila mfanyabiashara wa chisense aliweka alama kwenye magunia yake ili yasichanganyike ndani ya boti, na baba hakununua kalamu kama wengine. Alivunja betri za tochi zilizokufa, akatoa ule unga mweusi wa ndani, akauchanganya na mafuta ya taa kidogo ndani ya kopo la maziwa, akachora kwa kijiti. Vidole vyake vilikuwa na madoa mwaka mzima. Basi alipokwisha kula mchana akajinyoosha mkekani, mkono mmoja nje ya mkeka, nilichukua kopo na kijiti na kumkalia karibu. Nilikuwa nimetazama wapiga kura asubuhi nzima, nikajua wino unaanzia wapi na kuishia wapi. Nilipaka ukucha wa kidole gumba na ngozi kidogo chini yake, nikafuta pembeni kwa pindo la gauni. Nilifanya kazi safi, na usafi huo ndio uliotuponza.

Alipoamka hakuona kitu, kwa sababu alikuwa amezoea kuona vidole vyake vichafu. Tulikwenda mwaloni kuangalia magunia yake yakipakiwa. Nilitembea upande wa mkono ule nikiutazama, na nakumbuka nilikuwa na furaha.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyezunguka mwaloni tangu asubuhi akiwahimiza watu waende shuleni. Alimpa baba mkono, kisha hakuuachia.

"Bashi Mwape, kumbe nawe umepiga?"

Alisema kwa utani. Baba akacheka, akatazama kidole, akaacha kucheka.

"Hii ni wino ya magunia," akasema.

"Wino wa magunia haukai kwenye ukucha mmoja tu."

Watu wakasogea. Mmoja akauliza Mkongomani amepiga kwa kadi ya nani. Mwingine akajibu, kwani mke wake si ana kadi? Mtu aliyetoka shuleni akasema Bana Mwape yuko pale anauza vitumbua, na kidole chake ni cheupe, amekiona aliporudishiwa chenji. Basi mambo yakajipanga yenyewe. Mke ana kadi na kidole kisafi, mume hana kadi na kidole kina wino. Wale wale walionunua chisense kwa baba, waliokuja msibani kwa Mwape, walimshika mikono wawili wawili na kumpandisha kuelekea shuleni. Wengine walisema atarudishwa kwao kesho. Baba hakukaza mwili. Alisema tu, mara nyingi, kwamba ni wino wa magunia, na kila aliposema ilisikika kama uongo zaidi.

Mimi nilikimbia nyuma yao nikiwa kimya. Ningeweza kusema. Lakini nilivyoelewa mimi, walikasirika kwa sababu Mkongomani ameiba dawa, na nikisema ni mimi wataifuta, na ikifutwa baba atakufa. Niliona afadhali wamkasirikie. Hasira ingeisha.

Pale getini palikuwa na askari mmoja na msimamizi wa kituo, mama mnene mwenye miwani, mwalimu kutoka Chienge ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale. Aliwasikiliza wote mpaka wakachoka. Kisha akaingia ndani kutazama daftari, akarudi.

"Jina la mke lipo," alisema kwa Kibemba. "Halijawekwa alama. Kadi yake haijatumika leo."

"Basi ametumia ya mwingine," kijana akasema.

Mama alikuwa amesimama na kijiko chake cha kugeuzia vitumbua, mafuta yakitiririka kwenye mkono. Msimamizi akamwomba sabuni, maana wauza vitumbua hawakosi sabuni, akaagiza maji. "Wino wetu hautoki," akasema. "Mleteni hapa tumsugue."

Walipomshika baba mkono na kuumwagia maji, nilijitupa katikati nikaushika. Nililia kwa lugha zote mbili. Niliwaambia wasiutoe, niliupaka mimi, wakiutoa atakufa kwa surua kama Mwape, na Wakongomani hawapewi, na mama amekataa kwa ajili ya mbuzi.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Askari ndiye aliyeelewa kwanza, labda alikuwa na watoto. Aliinama, akachukua mkono wangu wa kushoto, akaona alama iliyobaki kwenye ukucha mdogo, akamwonyesha msimamizi. Msimamizi akavua miwani. Baba alinitazama, na uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Kisha akanyoosha kidole mwenyewe, akasuguliwa kwa sabuni na mchanga, na wino wa betri ukatoka wote, ukadondokea vumbini mweusi mweusi. Watu wakaanza kucheka. Yule kijana alicheka kuliko wote, akampiga baba mgongoni, akasema ana binti hatari. Mambo ya Kashikishi yalikuwa hivyo. Dakika moja wanakurudisha Kongo, ya pili wanakuomba mkopo wa samaki.

Baba hakucheka. Alikuwa akifuta mkono kwenye suruali, taratibu. Akamgeukia mama mbele ya watu wote.

"Mama Mwape, banikamata juu ya kitu yenye mi sina nayo," akasema. "We uko nayo, unaikalia."

Hakupandisha sauti. Sidhani alitaka kumwaibisha. Lakini kila mtu pale alielewa Kiswahili kiasi hicho, na kicheko kikaisha. Mama aliangalia fundo la chitenge chake. Akanipa kijiko, akaniambia nisiache vitumbua viungue, akaenda kusimama mwisho wa mstari na mikono yake yenye unga. Jua lilikuwa limeshaanza kushukia ziwani. Nilimuuzia askari vitumbua viwili, kimoja upande wake umeungua, akavila bila kulalamika.

Mama alipotoka, kidole chake gumba kilikuwa cheusi. Nilishukuru, angalau mzazi mmoja amepona. Kisha nikatazama kidole cha baba, chekundu kwa kusuguliwa, nikaanza kulia upya.

Jioni ile alinikalisha kwenye gunia akanieleza. Si dawa, alisema. Hakuna mtu anayekufa kwa kukosa ile. Watu wanachagua wakubwa wao, kisha wanapakwa wino ili mtu asirudi mara mbili.

"Sasa inakingaka nini?" nikauliza.

"Haikingake kitu. Inaonyesha tu kama ulikuwako."

Niliona ni kazi bure kusimama juani siku nzima kwa ajili hiyo, nikamwambia. Akasema hata mama yangu anaona hivyo. Mama, aliyekuwa akiosha beseni, akasema kwa Kibemba kwamba mama yangu ana masikio. Alipomaliza akaongeza, akiwa ametupa mgongo, kwamba amewachagua wengine safari hii, na hao nao wakileta mbuzi ataenda mwenyewe kuwauliza.

Na kweli alikwenda. Mwenye kidole cheusi hutembea tofauti kidogo akienda ofisi ya diwani, hilo nimeliona mwenyewe, kwa sababu alinibeba mgongoni nikiwa mkubwa mno kubebwa, ili nisimcheleweshe. Alikwenda mara nyingi mpaka walimjua kwa jina la Mwape. Kuta za kiliniki ya kambini zilipanda miaka mingi baadaye, na bati likaja baada ya hapo. Sisemi kwamba kura ya mama ndiyo iliyoliezeka. Mama mwenyewe husema walichoka kumwona. Ila najua kwamba mara ile ya msingi na mbuzi alikuwa amewapa kura kisha akarudi nyumbani kungoja, na kungoja ni kazi tuliyowaachia Wakongomani.

Baba aliomba makaratasi ya uraia, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa kuna barua imekosekana. Hakupata mpaka amekufa. Lakini kila uchaguzi alimpeleka mama kwa baiskeli mpaka kwenye ua wa shule, akasimama nje akingoja, mikono nyuma. Hakumwuliza amemchagua nani. Akitoka, anamwambia, "Onyesha kidole."

Nilipofikisha miaka kumi na minane na kupiga kura yangu ya kwanza, nilimkuta pale pale kwenye ua. Alinishika mkono, akakitazama kidole gumba mbele na nyuma, kisha akatia mate kwenye kidole chake na kusugua ukucha wangu kwa nguvu mpaka ukaniuma. Watu walikuwa wanatazama. Nilimwambia, baba, acha. Aliendelea mpaka akaridhika.

"Hii haitoke," akasema. "Hii ni yenyewe." Na ndipo akacheka juu ya siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka saba.

Leo asubuhi nilikwenda kupiga kura na mama. Magoti yake hayamsaidii tena na jana usiku alikuwa amesema haendi, nani atampeleka. Nikamwambia nitampeleka mimi, akasema sina baiskeli, nikasema tutatembea. Tulitembea, tukapumzika mara nne. Alitangulia kuingia. Nilipotoka nilimkuta amesimama kwenye ua, mahali alipokuwa akisimama baba, mikono nyuma. Alinyoosha mkono nikampa wangu. Akatia mate kwenye pindo la chitenge chake, akasugua ukucha wangu mara tatu nne, akauinua kwenye mwanga.

"Haitoke," mama akasema, kwa Kiswahili.